KUHAMA MU BRUXELLES: TUPIGE HESABU KWANZA



Hapa kwetu mu Katanga wazazi wetu wengi hawakujifunza kutafuta nyumba. Union Minière, ile iliyoanzishwa mwaka wa 1906, ilijenga makambi kwa watumikaji wake, na Gécamines nayo ilifuata desturi ile kwa miaka mingi. Kazi na nyumba vilitoka kwa mukono mumoja. Kwa hiyo tukisikia ndugu yetu wa Ulaya anasema, "Mwezi huu sitatuma kitu, tunahama," tunawaza ni uongo. Kuhama nyumba ni kazi ya siku moja, si ndiyo?

Sikiliza nikuelezee. Nilikaa juma tatu mu Bruxelles kwa mudogo wangu, katika mwezi wa sita, wakati alikuwa anahamisha jamaa yake toka Molenbeek kuenda Anderlecht. Mukristo mwenzangu, nilijifunza pale zaidi kuliko mu semineri nyingi.

Muji ule uko na komini 19, na kila moja iko na burugumesta wake. Ukivuka barabara moja tu, pengine umeingia komini ingine, na makaratasi yako yote yanapashwa kubadilika. Kontra ya kawaida ya nyumba ni ya miaka 9. Mwenye kulipia anaweza kutoka mbele, lakini anaandika barua ya kuaga, na myezi 3 inahesabiwa toka siku ya kwanza ya mwezi unaofuata. Mudogo wangu aliandika katikati ya mwezi wa tatu. Hesabu ilianza tarehe 1 ya mwezi wa ine, ikaisha mwisho wa mwezi wa sita. Tena, mutu akitoka mu mwaka wa kwanza, anaongeza malipo ya myezi 3. Mu mwaka wa pili, myezi 2. Mu mwaka wa tatu, mwezi 1. Yeye alikuwa amepita miaka 5, kwa hiyo hakulipa nyongeza ile.

Sasa angalia hesabu yake. Nyumba ya zamani ilikuwa euro 900 kwa mwezi. Ile mupya ilikuwa 1.050, na mwenyewe hakukubali kungojea: kontra ilianza tarehe 1 ya mwezi wa sita. Basi mwezi ule mumoja walilipa nyumba mbili. Halafu garanti. Kule garanti haipite malipo ya myezi 2, na inawekwa mu banki, fasi yenye kufungwa. Haitoke mpaka mwenye nyumba na mwenye kulipia watie sahihi wote wawili, ao muzuzi aamue. Garanti ya zamani, 1.800, ilikuwa ingali imefungwa. Ya mupya, 2.100, ilipashwa kulipwa mbele. Jumlisha wewe mwenyewe: 900 na 1.050 na 2.100, ni 4.050. Kamyo haiko ndani. Chakula cha watoto hakiko ndani.

Na kamyo peke yake haitoshe. Manyumba ya kule ni marefu na membamba, ngazi inazunguka kama konokono. Kabati ya shemeki haikuweza kupita. Walikodisha lifti ya inje, ngazi ya chuma yenye kupandisha vitu mpaka ku dirisha la etaji ya ine. Lakini ile lifti inaomba fasi mu barabara, na ile fasi inaombwa kwa komini siku nyingi mbele. Wanaweka vibao kwamba mutu asisimamishe motokari pale. Ukisahau kuomba, watumikaji wako wanakaa bure na saa inahesabiwa.

Kisha kuhama, kazi haijaisha. Unasoma namba za kompteri za maji, gazi na umeme, unaziandika mbele ya mwenye nyumba. Unaenda ku komini mupya katika siku 8 za kazi. Jina lako linakuwa ku kengele na ku sanduku la barua, kwa maana polisi wa mutaa atapita kuangalia kama unakaa pale kweli. Kama hakukukuta, makaratasi yako yanakawia.

Katika siku zile, telefone ililia toka huku kwetu. Ilikuwa yaya yetu. Minervali ya mutoto wake ilikuwa haijalipwa. Alisema mudogo amesahau kwao, bibi yake amemufunga mikono. Shemeki alikuwa karibu, akasikia yote. Hakujibu. Aliendelea kufunga masahani mu magazeti, machozi yanaanguka. Mimi ndimi nilikamata telefone, nikamuhesabia yaya zile 4.050, moja moja. Alinyamaza muda mrefu. Mwishoni aliuliza: "Na munakula nini?" Toka siku ile hasira ilipunguka. Minervali, tuliisaidia sisi wenye kubaki huku, kidogo kidogo.

Bwana Yesu alisema juu ya mutu mwenye kutaka kujenga munara: anakaa kwanza, anahesabu gharama (Luka 14:28). Neno lile si kwa wajengaji tu.

Wewe kijana mwenye kuota Ulaya, jua kwamba kule hakuna kambi ya kampuni yenye kukungojea. Anza kuweka feza ya kuhama mwaka mumoja mbele. Usiandike barua ya kuaga kama haujajua utalala wapi.

Wewe mwenye kukaa kule, usiseme tu "sina kitu." Onyesha jamaa hesabu, myezi tatu mbele, ili nao wajipange. Kunyamaza kunazaa mashaka.

Na wewe baba, mama, yaya wa huku: mbele ya kumuhukumu mutoto wako, muulize swali moja, "Hesabu yako iko namna gani?" Pengine utasikia kwamba ni wewe mwezi huu ndiye wa kutuma kitu, hata kama ni maombi tu.

Neema ya Bwana ikae katika nyumba zenu, za huku na za kule.