Honda ya Baba na Mkono Wangu wa Kushoto

Mimi ni fundi cherehani. Kwa miaka 31 nimekaa kwenye baraza moja hapa Ngamiani, Tanga, nikishona kanzu, suruali na sare za shule, na mkono wangu wa kushoto ndio uliokuwa mkono wa akili. Watu hudhani kushona ni kazi ya mkono wa kulia, kwa kuwa ndio unaoshika mkasi. Sivyo. Wa kushoto ndio unaokiongoza kitambaa chini ya sindano, ndio unaojua pa kukaza na pa kulegeza kona inapofika. Alhamisi moja ya Machi 2019 nilikuwa napiga pindo la suruali, nikaona kitambaa kinakwenda upande. Nikakivuta, hakikuja. Nikautazama mkono: umelala juu ya meza kama wa mtu mwingine. Nikataka kumwita mke wangu, ulimi ukawa mzito.

Kiharusi. Presha ilikuwa imenipanda kwa miaka, na mimi nilikuwa nikijisikia vibaya nanunua dawa, nikipata nafuu naacha. Nalisema hili mapema kwa sababu najua tuko wengi tunaofanya hivyo.

Nilitoka hospitali baada ya siku 12. Mguu ulianza kurudi, kwanza kwa kuburura, kisha kwa fimbo. Mkono ulibaki vilevile. Daktari alinieleza kwamba ubongo wa upande wa kulia ndio unaouamrisha mwili wa kushoto, na wangu umeumia huko. Mkono wenyewe hauna kosa lolote, ila amri haiufikii. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akanipa mabakuli mawili, moja lina maharage. Nihamishe punje mojamoja kwa vidole vya kushoto, asubuhi, mchana na jioni.

Niliyachukia maharage yale. Nikishayahamisha yote ndipo nini? Nayarudisha yalikotoka. Huku barazani wateja wanakuja kuchukua vitambaa vyao, mmojammoja, kwa upole, wakiniomba radhi kana kwamba wao ndio wakosaji. Mke wangu akaanza kukaanga mihogo na kuiuza jioni mbele ya nyumba. Asubuhi nilikaa kitandani nikimsubiri anifunge vifungo vya shati, mimi niliyetia vifungo kwenye mashati ya nusu ya mtaa huu. Siku moja nikalirusha bakuli ukutani. Mjukuu wangu, wakati huo ana miaka 10, akaokota maharage yote, hata yale yaliyoingia chini ya kabati, akayaosha, akayarudisha mezani bila kusema neno. Alipokwenda shule nililia.

Nyuma ya jiko letu kuna banda la kuku. Ndani yake, chini ya magunia, ilikuwamo Honda C70 ya marehemu baba. Baba alikuwa karani wa shamba la mkonge upande wa Muheza, akainunua ikiwa tayari imetumika, mwaka 1979, na kwa karibu miaka 20 ilimpeleka kazini na kumrudisha. Alipofariki, 1998, tuliisukuma bandani tukisema tutaitazama baada ya arobaini. Hatukuitazama. Upepo wa bahari wa Tanga hauna huruma na chuma. Rimu zilishika kutu, matairi yakapasuka kama udongo wa kiangazi, kuku wakataga chini ya kiti.

Mwezi wa nane niliingia bandani kutafuta mayai, mguu ukachoka, nikakaa juu ya ile Honda. Mkono wa kulia ukaenda wenyewe kwenye mpini wa mafuta. Nikauinua wa kushoto kwa kutumia wa kulia, nikauweka mahali pake. Nikatazama. Upande wa kushoto hakuna mkono wa klachi.

Nilikuwa nimeiona pikipiki ile tangu utotoni, na jambo hilo halikuwahi kunishughulisha. Breki ya mbele iko kulia. Breki ya nyuma, mguu wa kulia. Gia, mguu wa kushoto, unakanyaga kwa vidole au kwa kisigino. Mkono wa kushoto haudaiwi chochote ila kushika.

Nilipompigia binti yangu aliyeko Dar es Salaam kumweleza, alitafuta, akanirudia usiku uleule. Akasema ukoo wa pikipiki hii, Super Cub, ulianza Japani mwaka 1958, na kwamba Soichiro Honda na mwenzake Takeo Fujisawa walitaka chombo ambacho kijana wa kupeleka tambi kwa wateja ataweza kukiendesha kwa mkono mmoja, wa pili umebeba sinia. Ndiyo maana klachi hujikamata yenyewe: injini ikiongeza kasi, vizito vilivyo ndani hurushwa nje na mzunguko na kuikaza, na unapokanyaga gia, mguu huohuo huiachia. Kufikia 2017 Honda walikuwa wametengeneza zaidi ya milioni 100 za ukoo huo. Mimi milioni 100 hazikuniingia kichwani. Kilichoniingia ni kwamba kuna watu, miaka mingi iliyopita, walikaa wakamfikiria mtu mwenye mkono mmoja ulio huru, wakamtengenezea pikipiki.

Kesho yake nilimwambia mtaalamu wa mazoezi kwamba sitaki maharage, nataka nati. Nilidhani atakataa. Akacheka, akasema vidole havijui tofauti. Ila akaniwekea masharti: dawa kila siku, kupima presha kila wiki, na nisiikalie barabarani mpaka daktari aseme ndiyo.

Kijana fundi wa bodaboda wa mtaani kwetu alikuja kuitazama. "Shikamoo mzee," akasema, kisha akachutama, akaiangalia muda mrefu. "Mzee, hii ni ya chuma chakavu." Hakuwa na ubaya. Pikipiki anazozijua yeye hazina pointi za kutoa cheche. Umeme wake uko ndani ya kijisanduku kilichofungwa. Akanielekeza kwa fundi mmoja mtu mzima wa Makorora, aliyekuwa akitengeneza pikipiki za mabwana shamba zamani. Mzee yule alikuja na baiskeli yake, akaizunguka Honda mara mbili, akaniuliza, "Injini imekamata?" Nikasema imekamata. "Basi anza hapo. Mimi nitakuwa nakuja Ijumaa." Hakuigusa. Nilikasirika kidogo, ila baadaye nilimshukuru sana kwa hilo.

Tulitoa plagi, nikamimina kwenye tundu lake dizeli iliyochanganywa na oili, vijiko viwili. Kila jioni nilitia spana kwenye nati ya gurudumu la sumaku lililo upande wa kushoto, nikajaribu kuizungusha kidogo mbele, kidogo nyuma, bila nguvu, kwa maana ukilazimisha unavunja ringi. Vidole havikuweza kuishika spana, kwa hiyo mke wangu alinishonea mkanda wa turubai, nikaifunga spana kwenye kiganja. Mjukuu alishika tochi. Siku ya kwanza haikutikisika. Siku ya tatu, ya tano, ya nane, vivyo hivyo. Siku ya tisa ilisogea kwa unene wa wembe. Mjukuu ndiye aliyeona, si mimi. "Babu, imecheka!" Tangu hapo, kila sehemu iliyofunguka, yeye alisema imecheka.

Tangi nilitia siki na kokoto ndogo, likakaa usiku kucha, kisha nikalitikisa kwa mikono miwili mpaka jasho likanitoka, nikalisuuza kwa maji ya magadi. Maji ya kwanza yalitoka mekundu kama chai ya rangi. Kabureta ilikuwa na gundi ya petroli ya zamani, na vijitundu vyake nilivizibua kwa mshipi wa kuvulia samaki, maana waya wa chuma ungeipanua shaba. Hayo yalikwenda vizuri. Yaliyonishinda ni madogo. Skrubu ya pointi, ndogo kuliko punje ya mchele, iliniponyoka ikaingia kwenye mavumbi ya bandani. Tuliitafuta siku mbili kwa sumaku ya spika mbovu. Usiku wa pili sikulala kwa ghadhabu, na katika ghadhabu zile nikaacha kumeza dawa, siku moja, mbili, nne. Presha ikapanda, nikarudishwa hospitali kulala siku tatu. Mke wangu alikaa kando ya kitanda akaniambia, "Baba watoto, kile ni chuma. Kimengoja miaka ishirini, kitangoja. Sisi hatuwezi." Skrubu aliipata mjukuu, kwenye kiota cha kuku.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike haya.

Valvu za C70 huachiwa nafasi ya milimita 0.05, injini ikiwa imepoa. Hupimwa kwa jani la chuma jembamba kabisa. Unalipitisha kati ya skrubu na mguu wa valvu, na halitakiwi kupita burebure wala kukwama. Linatakiwa livutwe kidogo, kama uzi unavyopita kwenye kitambaa kizito. Mzee wa Makorora aliponieleza hivyo nilielewa mara moja, kwa sababu hiyo ndiyo lugha ya kazi yangu. Ila mkono wangu wa kulia ulikuwa umeshika spana na bisibisi kwa pamoja, kama mzee alivyonifundisha, na jani lilikuwa kwenye mkono wa kushoto. Vidole vile vilikuwa vimeanza kukunjika, lakini tangu Machi havikuwa na habari. Moto, baridi, laini, kukwaruza, vyote kwao vilikuwa kimoja.

Nilipitisha jani, nikakaza skrubu, nikapitisha, nikakaza. Jioni tatu nilifanya hivyo, nikipima kwa macho, na mzee akija anatingisha kichwa. Jioni ya nne nikavuta, nikahisi. Kitu chembamba kilikwaruza kati ya kidole gumba na cha shahada. Nikaganda. Nikamwambia mjukuu azime tochi, nikafumba na macho juu ya giza lile, nikavuta tena. Kipo. Kinavutwa. Nilikaa pale bandani nikivuta na kurudisha lile jani hata sijui mara ngapi, mpaka mke wangu akaja kuuliza kwa nini tumekaa gizani. Sikuweza kumjibu. Nilimshika uso kwa mkono wa kushoto, nikahisi unga wa ngano aliokuwa nao shavuni. Alhamdulillahi.

Injini iliwaka Machi 2020, kwa plagi mpya na oili mpya isiyofika lita moja. Kijana wa bodaboda alipiga kiki mpaka akavua shati; baadaye nikaomba nijaribu kwa mguu wangu wa kulia, ikashika mara ya tatu. Ilitoa moshi mweupe, ikakohoa, ikatulia. Na ilipotulia niliisikia sauti ambayo sikujua kwamba naikumbuka, sauti ya saa kumi na moja jioni, ya baba anakata kona kurudi kutoka shambani, nasi watoto tunakimbilia mlangoni.

Kiti nilikishonea ngozi mpya mwenyewe. Ndiyo kazi ya kwanza iliyotoka kwenye cherehani yangu baada ya mwaka. Kona ya nyuma, upande wa kushoto, mishono mitano imekwenda kombo. Mke wangu alitaka niifumue, nikakataa. Vijana wa bodaboda walipoiona wakaanza kuniletea viti vyao, na sasa viti ndivyo vinavyolipa ada ya shule ya mjukuu, pamoja na sare chache ninazozimudu polepole.

Daktari aliniruhusu kuendesha mwezi wa Desemba, baada ya kunipima macho, nguvu za mguu na wepesi wa kugeuka. Naendesha alfajiri tu, helmeti kichwani, mitaa ya ndani, gia ya pili.

Kimebaki kitu kimoja. Kitufe cha honi kiko kushoto, na hubonyezwa kwa kidole gumba. Betri ni nzima na waya tumezikagua. Kinachokosekana ni nguvu ya kidole. Kila asubuhi kabla ya kutoka mjukuu husimama mbele ya taa akisubiri, nami najaribu. Jana ililia mara mbili.