Maji Yakijaa Hupwa

Sisi walimu wa Gitega na Muyinga tunafundisha lugha ya pwani tukiwa vilimani. Methali hii tumezoea kuieleza kwa mfano wa tajiri aliyefilisika. Maana hiyo ni sahihi. Lakini kule Paje, mashariki ya Unguja, methali ni ratiba ya kazi pia.

Tulipanga banda la makuti lenye sakafu ya mchanga, mwezi wa Julai, upepo wa kusi ukivuma. Mawimbi makubwa huvunjikia mbali, kwenye miamba ya matumbawe. Kwa hiyo ndani ya miamba mchezo ni wa upepo. Maji yalipojaa, vijana walitoka na mbao zao, wengine wakivutwa na tanga, wengine na tiara. Yalipokupwa, akina mama waliingia kuhudumia mwani uliofungwa kwenye kamba na vigingi. Bahari moja, zamu mbili.

Mwanafunzi wa Muyinga aulizaye, “Bahari yatuhusu nini?” anastahili jibu. Tumsimulie Paje, kisha tumpeleke kando ya mto Ruvubu, ujaao masika na kupungua kiangazi. Atajua kwamba mto hupungua kwa majira, bahari hupwa kila siku. Na methali itakuwa yake.