Maseneta Kumi na Wanne wa Sacramento

Kila muhula nikifikia somo la serikali za majimbo, huwauliza wanafunzi wangu wangefanya nini na jimbo lililokwama. Jibu hunijia upesi: wachaguliwe viongozi waadilifu. Ni jibu jema, ila halinisaidii, kwa kuwa waadilifu wamewahi kukalia viti hivyo hivyo na jimbo likabaki limekwama. Huwaomba basi tuitazame California, tuhesabu kura.

Julai 2009 jimbo hilo, ambalo uchumi wake unazizidi nchi nyingi, lilipungukiwa fedha hata likaanza kuwapa wakandarasi na walipakodi waliodai marejesho karatasi za ahadi ya malipo. Mwaka uliofuata bajeti ilisainiwa Oktoba 8, zaidi ya miezi mitatu baada ya mwaka wa fedha kuanza. Lawama nyingi zilimwangukia Gavana Arnold Schwarzenegger.

Kiini kilikuwa katika hesabu. Katiba ya jimbo ilitaka bajeti ipitishwe kwa theluthi mbili ya kila baraza. Seneti ina wajumbe 40. Basi 14 walitosha kuizuia, na kwa kuwa hawakuwa watawala, mpiga kura hakuwa na la kuwadai. Katika hali hiyo kura moja hugeuka bidhaa. Februari 2009 Seneta Abel Maldonado aliitoa yake kwa masharti, mojawapo likiwa wananchi waulizwe kuhusu kubadili kura za mchujo. Waliulizwa mwaka 2010, wakakubali. Simlaumu, aliyeachiwa ufunguo wa ghala hupanga bei.

Dawa ya hasira ilikwisha kujaribiwa. Mwaka 1990 wapiga kura waliweka ukomo wa miaka sita katika baraza la chini na minane katika Seneti, ili kuwaondoa wakongwe wa siasa. Nionavyo mimi, walioneemeka ni wapambe wa makampuni: wao hawana ukomo, nao ndio waliobaki wakikumbuka kila sheria iliandikwaje na kwa manufaa ya nani. Mwaka 2012 ukomo huo ulibadilishwa kuwa miaka 12 kwa jumla.

Dawa iliyofaa ilikuwa kavu, isiyo na mvuto jukwaani. Novemba 2010 wananchi walipitisha Pendekezo la 25: bajeti ipite kwa zaidi ya nusu ya kura, na wabunge wasipoipitisha ifikapo Juni 15, wakose mishahara ya siku wanazochelewa. Tangu hapo mikwamo ile ya kila kiangazi imekoma. Gharama yake naijua: chama cha wachache hakisikilizwi sana siku hizi. Lakini mpiga kura walau anamfahamu wa kumwuliza.

Limebaki Pendekezo la 13 la mwaka 1978. Wengi hulijua kwa kodi ya majengo, iliyofungwa kwenye asilimia moja ya thamani, nayo thamani hiyo isipandishwe zaidi ya asilimia mbili kwa mwaka hadi nyumba iuzwe; ndiyo maana majirani wenye nyumba pacha hulipa kodi zilizopishana mno. Mimi hunikera zaidi kifungu chake kingine, kinacholitaka Bunge la jimbo lipate theluthi mbili ndipo liongeze kodi. Matumizi yanapita kwa nusu, mapato kwa theluthi mbili. Hapo ndipo ningeanzia. Na watetezi wake wakinijia na hoja ya ridhaa ya umma, ningewakumbusha kwamba Pendekezo la 13 lenyewe halikufikisha theluthi mbili ya kura.