Jua juu ya Mabati ya Lushebere

Atokaye Goma kwenda Lushebere hupita Sake, kando ya Ziwa Kivu, kisha huipanda milima ya Masisi, yenye malisho ya ng'ombe na ukungu mwingi. Nasi tuliipanda, meno yakigongana kwa mashimo ya barabara. Umeme wa maji wa Matebe, huko Rutshuru, megawati 13 hivi, ulianza mwaka 2015. Lakini nguzo za waya hazipandi milima upesi. Huku juu yafaa kulitumia jua: kwanza zahanati, kisha shule, ofisi ya chifu ingoje.

Jua gani, penye mawingu kama haya? Wasomaji wapenzi, bamba la jua halitaki joto, lataka mwanga. Tena baridi hulifaa. Karibu na ikweta hulazwa, likainamishwa kidogo tu ili mvua ilioshe. Taabu ni betri. Ikimalizwa jioni kwa simu za watu, usiku mkunga atampokea mtoto kwa kurunzi aliyoishika kwa meno. Basi kabla fundi hajapanda paani, na iulizwe: ufunguo wa chumba cha betri atakaa nao nani? Sisi tungempa mkunga.