Majani ya Springi

Mpwa wangu alifika kwangu Kashai, Bukoba, na Subaru Impreza yake, akaniamkia vizuri, kisha akaniambia anataka kukata springi ili gari "lilale". Nikamuuliza shokapu ataweka zipi. "Kwani shokapu zina shida gani, mjomba? Si nzima?"

Kijana aliyezaliwa lami ikiwa mlangoni simlaumu sana. Miaka ya 1970 hakuna aliyewaza kushusha gari kati ya Bukoba na Muleba. Kila mtu alitaka kunyanyua. Mvua yetu, inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, ilichimba udongo mwekundu mpaka tumbo la gari likawa linalala juu ya tuta la katikati huku matairi yakisaga tope. Land Rover na Bedford za kahawa zilitembelea springi za majani, na majani hayo yalikuwa na daktari wake.

Kibanda chake kilikuwa njia ya Hamugembe, nyuma ya migomba. Ukikaribia, unapokewa na harufu ya grisi iliyoungua, mkaa na mafuta ya taa ya kuoshea kutu. Hakugusa spana kabla ya kuuliza: unabeba nini, na unapita wapi? Wa ndizi za Kamachumu alijibiwa tofauti na wa abiria wa Kemondo. Akishafungua yuboti na senta bolti, aliyatandaza majani chini kwa urefu, akaligonga kila moja kwa nyundo ndogo huku kichwa amekiinamisha. Jani zima lililia. Lenye ufa lilitoa mlio wa chungu kilichopasuka, nalo lilitupwa kando hata kama jicho halikuona kitu. Lililolegea alilipiga likiwa baridi juu ya kipande cha reli mpaka likarudi kwenye upinde wake. Ukimwomba aongeze majani mawili alikataa. Moja, waitu, basi. Gari likiwa gumu kupita kiasi, kinachopasuka ni chasisi. Sisemi alirithi kitu kwa wafua chuma wa Katuruka, kule Maruku, walioyeyusha chuma yapata miaka 2,000 iliyopita, ila sikuwahi kushangaa kwamba sikio lile lilikuwa la Buhaya.

Lami kutoka Mutukula ilifika Muhutwe mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwenye kutaka mwezi na tarehe akaulize serikalini. Zikaja gari ndogo za saluni za Japani zenye springi ya koili iliyoizunguka shokapu, zikawekewa spesa zipande kidogo, na spea zikawa zinatoka Kisekka, Kampala, maana Dar ni mbali. Watu wa majani wakabaki na malori.

Sasa tuna mafundi wanaokata koili kwa gesi wakiwa na simu sikioni. Hili linaniudhi. Moto unaua ugumu wa chuma pale ulipopita. Koili zikipungua, springi haifupiki tu, inakuwa ngumu zaidi, na shokapu ya kiwandani haina nguvu ya kuituliza: gari linarukaruka, pistoni inashinda karibu na mwisho wa njia yake, sili zinavuja. Ukilipiga jeki, springi inalegea kwenye kikombe chake.

Kushusha kwenyewe si dhambi. Gari la chini haliinami sana kwenye kona. Lakini nunua springi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, kwa modeli ya gari lako, pamoja na shokapu fupi zinazolingana nazo, ubadilishe kulia na kushoto kwa pamoja, kisha upige alaimenti, la sivyo matairi yataliwa upande wa ndani. Kwa matuta tuliyojaziwa siku hizi, milimita 30 zinatosha. Aliyeshusha 50 asipakie watu watano na mikungu ya shughuli kuteremka nayo kutoka Kamachumu: hapo springi imeshamaliza kazi, na kinachobeba gari ni ule mpira wa kugotea.