Je, Mkwezi na Afue Nazi Pia?

Muhula huu mwalimu wetu wa Kiingereza alitupa mjadala ambao mwanzoni ulituchekesha. Alitueleza kwamba huko Uingereza wako watu ambao kazi yao ni kupita nyumba kwa nyumba na ngazi na ndoo, wakisafisha vioo vya madirisha kwa ujira. Swali likawa hili: je, mtu kama huyo yafaa awaambie wateja wake kwamba ataosha na magari yao pia, maadam maji anayo na gari liko pale pale mlangoni? Sisi wa Shumba tulicheka kwa sababu madirisha ya nyumba zetu nyingi ni ya mbao, na kuyasafisha si kazi ya kumwita mtu. Walakini nilipokuwa njiani kurudi nyumbani nilitambua kwamba swali lile nalijua tangu mwaka jana, ila kwetu halikuja na vioo wala magari. Lilikuja na minazi.

Mimi nalelewa na ami yangu, naye ni mkwezi. Msomaji asiyekaa shamba huenda akadhani kwamba kukwea ni nguvu tu. Hasha! Mnazi mrefu wa kwetu hutoa karara mpya karibu kila mwezi, na tangu ua hata nazi kukomaa hupita kadiri ya mwaka mzima. Kwa hivyo mnazi mmoja huwa na vidaka, vitale, madafu, makoroma na nazi kavu kwa wakati mmoja, na mkwezi, hali amejishika kwa mkono mmoja, lazima ajue ipi ya kuangua na ipi ya kuacha. Akikosea, hasara ni ya mwenye shamba kwa miezi ijayo. Ami hukwea kwa kitanzi cha kamba miguuni, panga kiunoni, akikanyaga vidato vilivyokatwa katika gogo. (Nilipoingia Kidato cha Kwanza aliniuliza vidato vya skuli ni vingapi. Nikamwambia ni vinne, na viwili juu yake kwa atakayefaulu. Akasema, “Basi huo mnazi wenu ni mfupi.”)

Hulipwa kwa hesabu ya minazi, na mara nyingine kwa nazi zenyewe. Nazi zikishafika chini kazi yake imekwisha. Anayefuata ni mfuaji, ambaye huchomeka kifuo ardhini, ncha ya chuma ikaelekea juu, akaipiga nazi na kuipindua mpaka kumbi litoke. Hizo ndizo kazi mbili, na tangu nilipopata akili zilikuwa za watu wawili.

Basi mwaka jana mwenye shamba mmoja wa upande wa Konde alimwambia ami, “Bwana, mbona nahitaji watu wawili? Wewe waangua leo, kisha namtafuta wa kufua, naye haji ila siku ya tatu, na huku nazi zangu zinapungua usiku. Fua wewe, nami nitakuongeza.” Ami alifikiri siku mbili, akatengenezesha kifuo chake mwenyewe, akaenda. Na wenye mashamba wengine waliposikia, nao wakataka hivyo hivyo.

Sitaficha kwamba nilifurahi. Fedha zile za nyongeza ndizo zilizoninunulia viatu vya skuli na sanduku la jometri, na kwa mara ya kwanza nilikuwa na daftari la kila somo badala ya kuligawa moja katikati. Nilijifunza kufua pia, nikamsaidia siku za Jumamosi. Ami ni hodari. Nimemhesabia mwenyewe, mapigo matatu, na pengine mawili, nazi iko nje ya kumbi.

Lakini mtaa wa pili kwetu yuko mzee ambaye sisi watoto humwita Babu. Zamani alikuwa mkwezi, tena husemwa kwamba alikuwa hodari kuliko ami. Akaanguka msimu wa mvua, gogo likiwa limeteleza, na mguu wake ukaunga vibaya. Tangu hapo riziki yake ilikuwa kufua. Husimama kwa mguu mmoja wenye kazi, na ule mwingine ni wa kumtegemeza tu, akafua mpaka magharibi. Makumbi huwaachia kina mama, nao huyazika katika tope la pwani miezi mingi, kisha huyatoa wakayapiga na kusokota kamba za usumba. Ami alipoanza kufua kule kule mashambani, makumbi yalibaki huko huko, na Babu alibaki kibarazani. Nilikuwa nikipita mbele yake kila asubuhi na viatu vyangu vipya. Alinijibu salamu kama siku zote, naye hakusema neno. Ningeona afadhali angelisema.

Huu ndio upande wa kwanza wa jambo hili, nao ni wa ujirani. Upande wa pili ni wa kazi yenyewe, nami niliuona kwa macho yangu. Siku moja gari la mnunuzi lilikuwa likingoja, kwa hivyo ami alifua kwanza nazi zilizokuwa chini, zaidi ya 100, ndipo akarudi kukwea. Kufua huchosha vifundo vya mikono, na mkwezi uhai wake umo katika mikono. Alikuwa karibu kufika kileleni mkono wake wa kushoto ulipomtoka. Nilikuwa chini nikikusanya. Niliona panga linaanguka, nikafumba macho. Nilipofumbua alikuwa amelikumbatia gogo kwa mkono mmoja na kifua, na kitanzi kimemshika miguu. Alikaa hivyo kitambo, kisha akashuka polepole, kidato kwa kidato. Kifua chote kilikuwa kimechunika. Akaniambia nisiseme nyumbani.

Mwalimu alipotusimulia habari za wale wasafisha madirisha, mwenzetu mmoja alisema kwamba kitambaa kilichofutia tope la gari hakifai tena kwa kioo, maana chembe za mchanga hukikwaruza. Darasa zima lilimpigia makofi. Mimi nilikumbuka kifua cha ami.

Usiku ule baada ya kula nilimwuliza kwa adabu, maana mtoto hamfundishi mzee kazi yake: “Ami, utakapofika umri wa Babu, utafanya kazi gani?”

Alininyamazia kwanza. Kisha akaniuliza, “Na hizo daftari zako zitoke wapi?”

Sikuwa na jibu, na hata leo sidhani kwamba lile lilikuwa swali la kukwepa. Anayesema kwamba mtu asiongeze kazi juu ya kazi yake lazima aseme pia fedha zitatoka wapi. Kukwea ni kazi ya msimu na ya hali ya hewa. Mvua ikinyesha wiki nzima hakuna anayekwea. Tena katika mjadala wetu mwanafunzi mmoja wa kike alitoa hoja yenye nguvu sana. Alisema kwamba hapa Pemba mchuma karafuu huchuma na kuchambua pia, na hapana aliyepata kumwita mlafi. Ni kweli. Karafuu ndiyo maisha yetu tangu zamani, hasa tangu tufani ya mwaka 1872 iliyoangusha mikarafuu ya Unguja na kutuachia sisi ya kwetu. Na usiku wa msimu utaona nyumba nzima imekaa mkekani, bibi, mama na watoto, wakitenga karafuu na makonyo. Makonyo yenyewe huenda kiwandani Wawi yakatolewa mafuta. Lakini nilimjibu kwamba kuchambua ni kazi ya mikono ya nyumba nzima, hata wasioweza kupanda mkarafuu. Haikumwacha mtu kibarazani. Hakukubali, tukaendelea kubishana mpaka kengele.

Mimi nasema mkwezi na aongeze kazi, lakini aanze na ile iliyo juu mnaziini, ambayo hapana mwingine awezaye kuifanya ila yeye. Yaani kusafisha kilele. Mkwezi mwenye haraka huangua akashuka, akayaacha makuti makavu na makarara yaliyokufa yananing’inia mpaka yamwangukie mpita njia. Tena juu huko hukaa yule dudu mweusi mwenye pembe, ambaye hutoboa shaha, moyo wa mnazi, na kuti likichanua utaliona limekatwa kama kwa mkasi. Akizidi, mnazi hufa. Mwenye shamba aliye chini hawezi kujua mapema. Mkwezi anaweza kumvuta nje kwa waya wenye ndoana, kazi ya dakika chache. Naye hutaga katika magogo ya minazi yanayooza, kwa hiyo mkwezi angeweza kumwonya mwenye shamba asiliache gogo lililoanguka. Maarifa haya yana bei, na mkwezi ameshafika kule juu.

Ila kuna jambo moja ambalo ami hakulipenda nilipomweleza. Wakwezi wengi wakikuta kiota cha maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani, hukikata au hukichoma, nami siwalaumu, kwa kuwa kuumwa na maji moto hali umejishika mnazini si mchezo. Lakini mtaalamu mmoja wa Kiingereza, M. J. Way, aliyefanya uchunguzi Unguja mwanzo wa miaka ya 1950, alionesha kwamba chungu hao humfukuza mdudu anayefyonza vidaka na kuviangusha kabla ya wakati. Mdudu huyo hata jina lake la kitaalamu, Pseudotheraptus wayi, limetokana na jina la bwana huyo. Kwa hiyo minazi yenye maji moto huhifadhi nazi nyingi zaidi. Ami alisikiliza yote, akasema, “Huyo Mwingereza alikwea mwenyewe?” Hata hivyo siku hizi kiota akikiona hukizunguka, akishuka hulalamika.

Na kufua je? Asubuhi baada ya mazungumzo yetu ami alitoka mapema bila ya kuniambia aendako. Nilimwona kibarazani kwa Babu, wamekaa, wanakunywa chai. Mashauri yao siyajui yote. Najua matokeo. Mwenye shamba wa Konde bado hupatana na mtu mmoja tu, naye ni ami, na kazi zote mbili humalizika siku ile ile kama alivyotaka. Lakini kifuo kiko mkononi mwa Babu, ambaye hulipwa kwa kila nazi 100. Ami humchukua kwa gari la ng’ombe, na jioni gari lile hurudi na makumbi ya kina mama. Yeye mwenyewe hafui tena kabla ya kukwea. Akimaliza minazi yote na akaona jua lingalipo, husogea akafua kidogo na Babu, nao hushindana, na mara nyingi ami hushindwa.

Fedha zimepungua. Wateja wengi hawajazoea kulipia usafi wa kilele. Husema, “Hilo si jambo la kulipia, umo humo juu tayari,” na ami hulazimika kuwaonesha dudu ndani ya kopo ndipo waamini. Muhula huu navaa viatu vya mwaka jana, navyo vimeanza kunibana. Sanduku la jometri lingalipo, limepungukiwa na bikari tu.

Jumamosi ijayo tunakwenda Konde, minazi 31. Babu ameniagiza nimtafutie jiwe la kunolea, maana kifuo chake kimekuwa butu.