Tenerife Hupangwa kwa Karatasi, Nansio kwa Simu

Kila mwaka baridi ya Januari inapokaza, familia za Kitanzania zilizoko Uingereza hujikuta zikizungumzia Visiwa vya Canary. Ni mali ya Hispania, lakini kijiografia viko upande wetu: Fuerteventura iko kama kilomita 100 tu kutoka pwani ya Afrika. Mwezi Februari, wakati giza linaingia London saa kumi na moja na nusu jioni, Tenerife kuna jua na joto la nyuzi 20 hivi.

Visiwa hivyo vilizaliwa na volkano, na volkano hizo hazijafa zote. Lanzarote ilimwaga moto tangu mwaka 1730 hadi 1736, vijiji vikafukiwa. Leo sehemu hiyo ni hifadhi ya Timanfaya, na mgahawa uliomo humo huchoma nyama kwa joto linalopanda kutoka ardhini. La Palma ililipuka tarehe 19 Septemba 2021, ikaendelea kwa siku 85 na kuangamiza majengo zaidi ya elfu moja. Watalii walirudi mara hali ilipotulia.

Kwenda huko kunaanzia kwenye kalenda ya shule. Uingereza mzazi anayemtoa mtoto shuleni kwa ajili ya likizo katikati ya muhula anaweza kutozwa faini, kwa hiyo karibu kila mtu anasafiri wiki zilezile na bei zinapanda. Wenye kujua hulipia miezi mingi kabla, mara nyingi kwa kifurushi kimoja chenye ndege, hoteli na basi la uwanjani. Mwenye pasipoti ya Tanzania ana kazi ya ziada. Lazima aombe viza ya Schengen, aoneshe barua ya mwajiri na taarifa za benki, na awe na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Akitaka kufika kileleni mwa Teide, mlima wa mita 3,715 ulio mrefu kuliko yote Hispania, kuna kibali cha kuomba mapema. Hata miguu yake imepangiwa tarehe.

Usumbufu huo wote una faida yake, na ilionekana wazi tarehe 23 Septemba 2019, siku kampuni kongwe ya utalii ya Thomas Cook ilipoanguka. Wateja wake Waingereza wapatao 150,000 walikuwa nje ya nchi. Serikali yao ilikodi ndege ikawarudisha, na waliokuwa wamenunua vifurushi vyenye kinga ya ATOL, mpango ulioanza miaka ya 1970, walidai fedha zao. Iliwezekana kwa sababu majina yao yalikuwa yameandikwa mahali: nani yuko hoteli gani, anatakiwa kurudi lini.

Sasa mtu huyohuyo anataka kuwapeleka watoto Mwanza mwezi Desemba, na baada ya siku chache za jijini wavuke Ziwa Victoria kwenda bandari ya Nansio, kisiwani Ukerewe. Anapiga simu. "Shikamoo mjomba. Meli ya Nansio siku hizi inaondoka saa ngapi?" Jibu linakuja kwa kicheko: "Marahaba mpwa wangu. Wewe njoo tu, tutajua hapahapa." Na kweli atajua. Mjomba atamwuliza jirani mwenye duka karibu na bandari, jirani atamwuliza mpakia mizigo, na kabla ya jioni saa ya meli, nauli na jina la mtu wa kuwapokea Nansio vitakuwa vimepatikana. Hakuna hoteli ya Tenerife itakayompa mtoto bibi wa kumfundisha kupaa sato. Upangaji huu wa kupitia watu una akili, na anayeubeza hajawahi kukwama ugenini bila ndugu.

Na cha kwenda kuona kipo. Kisiwa cha Saanane, Hifadhi ya Taifa tangu 2013, kiko dakika chache kwa boti kutoka katikati ya jiji. Rubondo, hifadhi tangu 1977, ina sokwe ambao mababu zao waliletwa kati ya 1966 na 1969 kutoka bustani za wanyama za Ulaya, wakaachiwa msituni wajifunze upya kuishi. Ukerewe ndiko alikoishi Aniceti Kitereza, aliyemaliza riwaya yake kubwa kwa Kikerewe mwaka 1945 na kusubiri zaidi ya miaka thelathini kabla haijachapishwa kwa Kiswahili. Ng'ambo kidogo kuna Ukara na jiwe lake linalocheza. Miamba ya Mwanza ni matale ya kale sana na haina uhusiano na volkano. Mwenye kutaka volkano za ziwa hili aende upande wa Kenya, Rusinga, ambako majivu ya mlima Kisingiri yalihifadhi mifupa ya kale, likiwemo fuvu alilolipata mtafiti Mary Leakey mwaka 1948.

Lakini simu ya mjomba haiwezi kumhesabu abiria. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, ikaua mamia ya watu, na abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha ya majina. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio, MV Nyerere ilipinduka ikikaribia Ukara. Kivuko hicho kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa walizidi 200. Katika misiba yote miwili ndugu walisimama ufukweni wakiulizana nani alipanda na nani aliahirisha. Hapo ndipo utaratibu wa ng'ambo unapostahili kuigwa bila kuona haya, maana orodha ya abiria haihitaji utajiri wa Ulaya. Inahitaji karani, kalamu, na nahodha anayekataa kuondoka idadi ikizidi.

Mambo mengine yamesonga. MV Victoria, inayosafiri kati ya Mwanza na Bukoba, ilirudi ziwani baada ya ukarabati mkubwa mwaka 2020. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita tatu, lilifunguliwa Juni 2025 na kumaliza foleni za kivuko. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa upepo na mawimbi ya ziwa. Asiyependa safari ndefu ya majini anaweza kupita Bunda hadi Kisorya, kisha akavuka kwa kivuko kifupi hadi Rugezi, Ukerewe.

Kinachokosekana ni kumfikishia msafiri haya yote mapema na mahali pamoja: ratiba, nauli, utabiri, na onyo la kichocho kwa watakaoogelea kwenye maji ya kina kifupi yenye majani. Kazi hiyo wana diaspora wanaweza kuidai, tena kwa sauti, kwa sababu wanajua inavyofanyika kwingine.

Kwa hiyo wewe unayemtumia mdogo wako nauli ya Nansio kwa simu, ongeza ujumbe mmoja. Mwambie asipande chombo kilichojaa, ahakikishe jina lake limeandikwa, na avae jaketi okozi kabla kamba hazijafunguliwa.